Makatambuga ya Musallam

"Usikaze hivyo, utamuumiza ngamia mbavu."

"Ngamia ni wako, kamba ni yangu," Sabha akamjibu bila kumtazama. "Ukitaka kufundisha mtu, kafundishe wageni."

Musallam akacheka, akashika upande wa pili wa mzigo. Wageni wetu, wanawake wa Kairo na wengine wa Ujerumani, walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha Jiwe la Mpaka wakijipaka mafuta miguuni. Kabla hawajakaa, Musallam alikuwa ametandua blanketi la tandiko lake mwenyewe akalitandika juu ya mawe, kwa sababu mmoja wao alikuwa mama wa makamo na mawe yalikuwa ya moto. Hakuna aliyemwomba. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nikikung'uta majivu kwenye mkate, nikaliona lile blanketi. Moyoni nikasema, kijana huyu ana mama aliyemlea.

"Ijumaa nakuja kwa baba yako," akasema kwa sauti ya chini.

Mkono wa Sabha ukasimama kwenye fundo.

"Na Odeh?"

"Nitamuomba Odeh mbele ya watu. Siibi."

Basi nieleze kidogo hapo. Mimi ndiye bibi yao wote wawili, Sabha na Odeh. Odeh ni mtoto wa mwanangu mkubwa, Mungu amrehemu, na Sabha ni mtoto wa mwanangu mdogo, Hamdan. Kwetu hapa Sinai, mtoto wa ami ndiye mwenye haki ya kwanza. Asipotamka kwa kinywa chake kwamba amemwachia binti, hakuna mwanamume mwingine wa kumuoa, hata awe na ngamia wa kujaza bonde. Na Odeh alikuwa hajatamka.

Jambo la pili ni lile jiwe. Upande huu ni kwetu, upande ule ni kwa akina Musallam. Tangu enzi za mababu hakuna ngamia wa kwetu anayebeba mzigo kupita pale, wala wa kwao anayekuja nao huku. Wageni wakifika hushuka, mizigo yao hushushwa ikapandishwa kwenye ngamia wa wenzetu, nasi tunarudi. Kwa hiyo kila upande unapata riziki yake na hakuna ugomvi. Maji tu ndiyo ya wote.

Sabha alikuwa msichana wa kwanza wa kabila letu kushika hatamu mbele ya wageni. Baba yake alikubali kwa sharti moja, kwamba mimi niende naye kila safari. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo. Kazi yangu ikawa kupika mkate kwenye majivu na kukaa juu ya ngamia wangu mzee kama gunia, nikitazama. Na kilichonipendeza kuliko vyote ni ile asubuhi ya kuondoka, mjukuu wangu anapowasimamisha wageni na kuwaambia yatakayowapata.

"Mtatembea kwanza," huwaambia. "Asubuhi ngamia ana baridi na nyinyi mna usingizi, mwili ukipata joto ndipo mtapanda. Ukipanda, egemea nyuma, maana ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma na atakutupa kichwa mbele. Akikaa pia, egemea nyuma. Mapaja yatauma leo, na kesho yatauma zaidi, baadaye mtasahau kama mna mapaja. Jua likiwa kali tutalala chini ya mgunga. Mtakula mkate wa Bibi, na ndani yake mtakuta mchanga kidogo, msitafune kwa hasira. Usiku baridi itawashangaza. Na atakayelia njiani bila sababu asione haya, jangwa lina tabia hiyo. Tukifika kwenye Jiwe la Mpaka mtashuka, mizigo itahamia kwa wenzetu, na mimi nitawaaga."

Kila akilisema hilo la mwisho, sauti yake ilikuwa ikipungua. Tangu ajuane na Musallam ilipungua zaidi.

Ijumaa Musallam akaja kweli, na wazee wake, ngamia wamepambwa. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pazia la hema. Hamdan akawamiminia kahawa. Musallam akapokea kikombe, akakiweka chini mbele yake bila kukinywa, na wanaume wote wakaelewa kwamba ana ombi.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu," Hamdan akasema.

"Nitakunywa nikishajibiwa, mzee wangu. Nimekuja kumuomba Sabha."

"Wewe nakujua na watu wako nawajua. Kama ingekuwa ni juu yangu, ningekwambia kunywa. Lakini ufunguo hauko kwangu." Akamgeukia Odeh. "Unasemaje?"

Odeh alikuwa amekaa karibu na nguzo. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, anachora mchanga kwa kidole.

"Simwachii," akasema.

Mzee mmoja wa kwao akamwomba kwa heshima ya ndevu zake. Mwingine akamwomba kwa jina la marehemu baba yake. Odeh akarudia lile lile, na akaongeza kwamba mbuzi wakishazaa atamuoa, na kwamba mke wake hatakuwa mtu wa kuonekana mabondeni akiongoza wageni. Hatamu ataziweka chini.

Pembeni yangu Sabha alishika ncha ya mtandio wangu akaifinya mpaka ikakunjamana.

Kahawa ya Musallam ikapoa pale pale. Akainuka, akaaga vizuri kila mtu, mpaka na Odeh. Nje kukatokea kioja. Viatu vyote vilikuwa mlangoni, na mbwa wetu, yule mwenye doa jichoni, alikuwa ameondoka na kiatu kimoja cha Odeh akakitafuna huko vichakani. Wanaume walikuwa wamekwisha kwenda kwenye ngamia wao. Odeh akabaki amesimama na kiatu kimoja mkononi, uso umemwiva. Musallam akamwona. Akavua makatambuga yake, yale ya tairi yenye kiraka cha pembetatu kwenye kisigino cha kushoto, akayasukuma kwa mguu mpaka mbele ya Odeh.

"Vaa. Mchanga una moto."

"Na wewe?"

"Mimi nimepanda ngamia. Wewe utakwenda kwa miguu kuchunga."

Akaondoka pekupeku, yeye aliyenyimwa mke, na aliyemnyima akabaki na viatu vyake. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi. Sikumwambia mtu, maana nilijua Odeh angeona aibu.

Siku zikapita. Sabha akaendelea na safari zake kama mtu anayekula chakula akijua ni kidogo, hataki kiishe. Pale kwenye kilima cha mtandao, mahali pekee ambapo simu zetu hushika, alikuwa akipanda jioni na kushuka akitabasamu. Musallam alimwandikia kwamba atatuma wazee tena, na tena, mpaka Odeh achoke. Mjukuu wangu akanisomea kwa sauti, nami nikajifanya sisikii vizuri ili arudie.

Kisha tukafika kwenye kisima.

Tulikuwa na wageni, tumebakiza mwendo mfupi kufika jiweni. Kisima kile mbuzi wa pande zote mbili hunywa hapo. Sabha alitangulia kuangalia maji, kisha nikamwona amesimama tu na hatamu mkononi. Nikamwita, hakuitika. Nilipofika aliniambia kwa sauti kavu:

"Bibi, hayo ni makatambuga ya nani?"

Kwetu mtoto hujua nyayo za watu kabla hajajua majina yao. Kile kiraka cha pembetatu kilikuwa kimejichora kwenye mchanga wazi kabisa. Kando yake kulikuwa na nyayo ndogo za mwanamke. Chini ya kichaka kulikuwa na majivu ya moto mdogo wa chai, na pande mbili za majivu yale watu wawili walikuwa wamekaa muda mrefu.

"Ya Musallam," nikajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Na huyo mwingine?"

"Simjui mguu wake. Ni wa upande wa kule."

Akavuta pumzi. Akawageukia wageni akawaambia kwa uso mchangamfu kwamba wajaze chupa zao na wakae kivulini. Akamfunga kitambaa kichwani mama mmoja aliyekuwa anaona kizunguzungu, akampa maji kidogo kidogo. Hata mmoja wao hakujua kwamba msichana huyo alikuwa amevunjika. Nilimwonea huruma, lakini, Mungu anisamehe, nilimwonea fahari pia.

Jioni akapanda kile kilima cha mtandao, kilicho karibu na kisima. Nilipanda nyuma yake kwa magoti yangu haya. Alikuwa ameandika:

"Nimeona nyayo zako kisimani. Na za mwanamke."

Jibu lilichelewa. Likaja:

"Sabha, hilo siwezi kukueleza. Naomba uniamini."

Akaandika kwa nguvu kana kwamba anapigilia misumari: "Mchanga haujawahi kunidanganya. Usinitumie ujumbe tena."

Tukasubiri. Simu ikalia mara moja tu:

"Sawa. Lakini maji mnayo ya kutosha? Kisima cha chini, cha njia ya kurudi, kimekauka, pitieni bonde la juu."

Hapo ndipo alipolia. Ule ujumbe wa kwanza ulimkasirisha, huu wa maji ukamliza.

Asubuhi yake wageni walipokelewa jiweni na ndugu mwingine wa Musallam, yeye hakutokea. Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Sabha nataka kupumzika kwenye kisima kile cha nyayo. Yeye akaenda kunywesha ngamia, mimi nikaenda kwenye kichaka. Upepo ulikuwa umefuta nyayo nyingi, lakini zile zilizokuwa karibu na majivu zilikuwa zimekingwa. Nikainama.

Sabha alikuwa amesoma kiatu. Mimi nikasoma mguu. Mguu wa kushoto wa mtu yule ulikandamiza upande wa nje, na kidole kikavuta mstari mdogo kila alipouinua. Mguu huo niliufunga mimi kwa vijiti vya mtende, mwenye nao akiwa mtoto, siku alipoanguka kutoka kwenye ngamia. Alikuwa hana mama, akawa analia kifuani pangu usiku na mchana. Ulipona lakini haukunyooka sawasawa.

Nikakaa chini. Hapo tu ndipo nikakumbuka, uzee ulikuwa umenisahaulisha: mbwa, na kiatu, na Musallam akiondoka pekupeku.

Ningeweza kumwita Sabha pale pale. Lakini ule mguu mdogo mwingine ulikuwa wa binti wa watu, na jina la binti halitupwi hewani kabla ya kujua. Nikasema ngoja nimwone Odeh kwanza. Nilichelewa kidogo tu, na katika kuchelewa huko Sabha akaingia kwa baba yake.

"Baba," alimwambia, "mwambie Odeh nimekubali. Na hatamu nitaziweka chini."

Hamdan akamtazama, akamtazama tena. Akamuuliza kama anaumwa. Sabha akasema haumwi.

Nilimkuta Odeh nyuma ya mahema anashona tandiko. Habari ilikuwa imemfikia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepelekewa msiba.

"Mume wangu," nikamtania kama kawaida yetu, "umepata mke. Mbona umekunja uso kama ngamia aliyenyimwa chumvi?"

"Niko sawa, Bibi."

"Hayo makatambuga hayakubani?"

Sindano ikasimama.

"Yananitosha."

"Aliyekupa alirudi kwao pekupeku. Nilimwona." Nikakaa karibu yake. "Na nimekuona wewe pia, kisimani. Sikuwepo, lakini mguu wako nimeufunga kwa mikono hii. Hata ukivaa viatu vya sultani nitaujua."

Mbuzi mmoja akaja kunusa tandiko, Odeh akamsukuma polepole, hakumpiga. Odeh hajawahi kupiga mnyama.

"Anaitwa Nuwayra," akasema mwishowe.

"Wa nani?"

"Dada yake Musallam."

Nikashika kichwa.

"Hatukufanya baya, Bibi. Mchana kweupe, mbuzi wametuzunguka, moto katikati yetu. Tunazungumza tu. Mimi huwa sina maneno, unajua. Kwake ninayo."

"Kama una wako wa kuzungumza naye, kwa nini ulimzuia Sabha?"

Akachomeka sindano kwenye tandiko.

"Baba alinitajia Sabha tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Nikimwachia watasema Odeh kaachwa na mwanamke anayeongoza ngamia, kaachwa kwa mtu wa nje. Nilitaka nisishindwe, Bibi. Mke sikuwa namtaka."

"Sasa umeshinda."

Akainamisha kichwa.

"Sikiliza, mume wangu. Sabha ameona makatambuga hayo mchangani akadhani aliyeyavaa ni Musallam mwenyewe. Akamwandikia Musallam. Musallam ni mtu wa kusoma mambo. Alipoambiwa viatu vyake vilikuwa kisimani na mwanamke, pale dada yake anaponywesha mbuzi, unafikiri hakujua ni nani aliyevivaa?"

Uso ukampauka.

"Basi amejua ni dada yake. Na hajaja na bunduki?"

"Hajaja. Angesema neno moja tu, Sabha angekuwa wake. Hakulisema, kwa sababu neno hilo lingemvua dada yake nguo mbele ya watu. Na wewe pia. Amekubali aonekane yeye ndiye mwongo."

Odeh akayatazama makatambuga yale miguuni mwake kana kwamba ameyaona kwa mara ya kwanza. Kisha akanilalia mapajani, mtu mzima na ndevu zake, kama siku ile ya mguu. Nikampapasa kichwa. Sikumwambia la kufanya. Nilimwambia tu kwamba Sabha anapeleka wageni jiweni kwa mara ya mwisho, na kwamba kama mtu ana mzigo wa kushusha, pale ndipo panaposhushiwa mizigo.

Safari ile ya mwisho, Sabha aliwaambia wageni yatakayowapata bila kukosea neno. Njiani alimbembeleza kila ngamia, akawaita majina yao. Tulipolikaribia jiwe nilimwona Musallam amesimama, safari hii amekuja mwenyewe. Miguuni alikuwa na kandambili za plastiki, za mtoto wa mjini. Sabha akafungua kamba bila kumtazama. Musallam akapokea mzigo. Wazee wa pande zote mbili walikuwepo, maana siku ya soko huwa wanapita hapo kunywa chai.

Ndipo Odeh akatokea kutoka upande wetu, anachechemea, amevaa nguo yake nyeupe ya sikukuu. Akaenda moja kwa moja mbele ya Musallam. Akavua makatambuga, akayaweka chini.

"Haya ni yako. Ulinipa siku niliyokunyima. Nyayo za kisimani ni zangu mimi."

Wazee wakaacha vikombe vyao. Musallam alikuwa amekaza taya. Mkono wake ulishika kamba ya mzigo mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe, na ndugu zake wakasogea. Mimi nilianza kusoma dua.

"Sema yote," Musallam akasema polepole.

"Sikumgusa dada yako. Moto ulikuwa katikati, na mbuzi ni mashahidi. Nimekosa kwa kukaa naye kabla sijaja kwa wazee wenu, na kosa hilo ni langu, si lake. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini kwanza nataka wote wasikie." Akageuka, akapandisha sauti. "Sabha binti Hamdan nimemwachia. Nimemwachia mbele yenu, na sina haki kwake tena."

Mgeni mmoja wa Kijerumani akamnong'oneza Sabha akiuliza kuna nini.

"Tunabadilisha mizigo," Sabha akamjibu, machozi yanamtiririka.

Mzee mmoja wa upande wa pili, aliyependa mambo yaishe upesi, akapiga magoti yake kwa furaha. Akasema sasa ni rahisi. Odeh amtoe Sabha, Musallam amtoe dada yake, wabadilishane, hakuna mahari, hakuna maneno. Wengi waliitikia. Ni desturi yetu, na imemaliza ugomvi mwingi.

"Hapana."

Alikuwa ni Sabha. Alikuwa amesimama kando ya ngamia wake, hatamu mkononi.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini mimi si gunia la unga, nishushwe kwa ngamia huyu nipandishwe kwa yule. Wala Nuwayra si gunia. Anayemtaka amuombe kwa jina lake. Na anayenitaka mimi aniombe kwa jina langu, au niendelee na ngamia zangu."

Wote wakamtazama Musallam.

"Sikuja Ijumaa ile kubadilishana," akasema. "Nilimuomba Sabha. Bado namuomba Sabha." Kisha akamgeukia Odeh. Musallam akainama, akayaokota makatambuga, akayaweka tena mbele ya miguu ya Odeh. "Vaa. Njoo kwetu na wazee wako, uingie kwa mbele ya hema kama watu. Kahawa utaikuta. Nuwayra ataulizwa yeye mwenyewe. Akikataa, utarudi na njaa yako."

"Na akikubali?"

"Akikubali utanunua viatu vyako. Siwezi kutembea na hizi kandambili mpaka nizeeke."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa moyo.

Sabha akamsogelea Musallam, si karibu sana, wazee wapo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekuwa nimemuuza dada yangu ili nikupate. Ungeishi na mtu wa namna hiyo?"

Sabha akatazama chini.

"Nilisoma kiatu," akasema. "Sikusoma mguu. Nilifundishwa vizuri zaidi ya hapo."

"Ulikuwa na machozi. Machozi hayasomi."

"Na bado ukaniuliza habari za maji."

"Ulikuwa na wageni," Musallam akasema, kana kwamba hilo linaeleza kila kitu. Na kwangu mimi lilieleza.

Mbuzi walipozaa tulifanya harusi. Nuwayra alikuwa amekwisha kukubali, lakini akasema yeye ataolewa msimu unaofuata, Odeh ajifunze kusubiri. Nilimpenda kabla sijamwona.

Siku hiyo Sabha alipanda ngamia wake mweupe, amefunikwa nguo nyekundu na shanga, kengele zinalia. Wanawake tukamsindikiza kwa vigelegele bondeni mpaka jiweni. Upande wa pili walikuwa wamesimama Musallam na watu wake, na ngamia wao aliyepambwa, tayari kumpokea. Tukasimama. Ngamia wa kwetu havuki na mzigo. Bibi harusi anashuka huku, anapanda kule. Ndivyo alivyoolewa kila binti aliyekwenda upande ule.

Hamdan akamwambia kwa upole ashuke.

"Sishuki, Baba."

"Sabha, mwanangu, ni desturi."

"Desturi inakataza mzigo kupita. Mimi si mzigo. Huyu ni ngamia wangu, ninampanda mwenyewe."

Minong'ono ikaanza. Wazee wa kule wakatazamana. Na hapo Odeh akatoka kwenye kundi, akaenda moja kwa moja kwenye kichwa cha ngamia. Zamani, mtoto wa ami aliyeonewa alikuwa na ruhusa ya kumshusha bibi harusi kutoka juu ya ngamia wake, hata njiani, hata mbele ya bwana harusi. Kila mtu pale alilijua hilo. Hata kengele zilionekana kunyamaza.

Odeh akashika hatamu. Akamtazama Sabha.

"Egemea nyuma," akamwambia. "Hapa kuna mteremko."

Akaanza kutembea. Kwa mguu wake ule unaovuta mstari, kwa viatu vipya vya sokoni, akamwongoza ngamia wa kwetu kulipita Jiwe la Mpaka, na bibi harusi juu. Alipofika kwa Musallam watu walidhani atamkabidhi yeye hatamu. Musallam mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono. Kisha akaurudisha, akatabasamu, akamwonyesha juu kwa kidevu. Odeh akageuka, akampa hatamu Sabha mwenyewe.

Vigelegele vilitoka pande zote mbili kwa pamoja. Mimi sikuweza kupiga changu. Nilisimama tu, nikawatazama wajukuu zangu wawili, na nikajiona mrefu kuliko mlima.

Wazee walikaa baraza baadaye, wakazungumza sana, wakanywa chai nyingi. Mwishowe wakaona kwamba nyumba moja imekwisha kusimama pande zote mbili za jiwe, na kwamba Sabha na Musallam wataongoza wageni pamoja, na riziki itagawanywa kwa haki kwa kila upande. Bado mimi naenda nao, ingawa siku hizi ninapandishwa na watu wawili.

Juzi tulikuwa na wageni wapya. Sabha aliwasimamisha asubuhi mbele ya ngamia, tumbo lake limeanza kuonekana, Musallam nyuma yake akikaza matandiko, miguuni ana makatambuga mapya yasiyo na kiraka. Akawaambia watatembea kwanza. Akawaambia habari za mapaja, na baridi, na mchanga kwenye mkate wangu. Akawaambia atakayelia asione haya.

"Na tukifika kwenye Jiwe la Mpaka," akasema, na sauti yake haikupungua, "msishuke."